Nafuu Inayobebwa na Bibi: Hesabu za Kumlea Mtoto Misungwi

Mtoto mchanga asiyenyonyeshwa hutumia takriban kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi 6 ya mwanzo ya maisha yake. Hayo ni makadirio ambayo wataalamu wa lishe wameyatumia kwa miaka mingi, tangu enzi za kuwashauri akina mama wenye virusi vya Ukimwi kuhusu kunyonyesha. Kilo 20 ni makopo 50 ya gramu 400. Bei ya kopo inategemea chapa na duka. Kwa hesabu za hapa tuweke shilingi 25,000. Makopo 50 yanafika shilingi 1,250,000, yaani zaidi ya 208,000 kila mwezi, kwa mtoto ambaye hajaanza hata kula uji.

Sasa ipeleke hesabu hiyo Misungwi. Ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ya wakulima na wafugaji, na wavuvi kwa upande wa ziwani. Kuanzia Usagara na Ukiriguru hadi Mabuki, Misasi na Mbarika, watu hulima mpunga, pamba, mahindi na viazi vitamu, na fedha huingia kwa msimu. Mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya mavuno, ndipo michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mwaka uliopita inapotolewa ghalani, na shilingi 25,000 ni fedha ya kutafutwa kwa siku nyingi. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, katika awamu yake ya kwanza, ulitoa ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya iliyotimiza masharti yote ya kliniki na shule haikuweza kuvuka 38,000. Chukua kiwango hicho cha juu kabisa, kikusanye kwa miezi 6, na usinunue kitu kingine chochote: unapata 228,000. Ni makopo 9 kati ya 50. Viwango vimeongezwa tangu wakati huo, lakini havijaikaribia bei ya maziwa.

Kinachofuata wauguzi wa zahanati wanakijua vizuri. Maelekezo ya makopo mengi yanataka kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kila mililita 30 za maji. Kopo likibaki robo na fedha ya jingine haipo, bibi aliyeachiwa mjukuu baada ya mama kufariki anaanza kubana: kijiko kimoja kwa mililita 60, halafu kwa 90. Chupa inaonekana nyeupe vilevile, mtoto ananyonya mpaka anaachia, lakini alichoshiba ni maji. Wiki chache baadaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala, kisha unaanza kushuka. Maji yakiwa ya kisima na hayakuchemka sawasawa, kuhara kunaingia. Hapo ndipo mtu wa ukoo, kwa nia njema kabisa, anaposema: mpelekeni makao ya watoto, huko maziwa yapo. Mtoto mwenye bibi, shangazi na wajomba anaondolewa kwao kwa sababu ya makopo 41.

Ni watoto wangapi wa namna hiyo? Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Mwanza kuwa na watu 3,699,872, na wilaya ya Misungwi peke yake ina zaidi ya 450,000. Tukikadiria vizazi 35 kwa kila watu 1,000, wilaya inapata watoto wapatao 15,750 kwa mwaka. Utafiti wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Ule wa 2022 ulikuta 104. Kwa kiwango cha kwanza, Misungwi ingepoteza akina mama karibu 88 kila mwaka. Kwa kiwango cha pili ni 16 au 17. Ni hatua kubwa, na inastahili kutajwa kila inapozungumziwa idadi ya yatima, kwa kuwa mkunga mwenye vifaa ndiye wa kwanza kumkinga mtoto asiwe yatima.

Watoto wa akina mama hao 17 si wote. Wapo wachanga wanaookotwa, wapo ambao mama ni mgonjwa mahututi, wapo ambao mama mwenyewe ni mtoto wa shule. Tuizidishe idadi mara tatu tuifanye 50, ili tusidharau ukubwa wa jambo. Maziwa ya watoto 50 kwa miezi 6, kwa bei tuliyoiweka, ni shilingi 62,500,000. Iweke pembeni namba hiyo, tutaihitaji.

Wapo walioisoma hesabu hii mapema na kuifanyia kazi. Jijini Mwanza, Forever Angels Baby Home ilifunguliwa mwaka 2006 na Mwingereza Amy Hathaway kwa ajili ya watoto wachanga na wadogo wasio na wa kuwalea. Baadaye makao hayo yaliongeza kazi ya nje ya geti lake: mpango wa Maisha Matumaini, unaowapa ndugu maziwa ya kopo ili mtoto abaki nyumbani, pamoja na mafunzo na msaada wa kujitafutia kipato. Makao yaliyojengwa kwa ajili ya kupokea watoto yakaanza kutumia fedha ili yasiwapokee. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote uliofanywa na taasisi ya malezi katika ukanda wetu, na hesabu ya upande wa pili inaonyesha kwa nini.

Upande wa pili ni makao yenyewe. Gharama kubwa ya makao ya watoto wachanga si vitanda wala uji, ni watu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo ukitaka mlezi mmoja awepo muda wote, usiku na mchana, unahitaji wafanyakazi karibu wanne. Sasa chukua makao ya watoto 30 wachanga, mlezi mmoja kwa watoto 5. Wanatakiwa walezi 6 kila saa. Ukizidisha, na ukiweka likizo ya siku 28 ambayo sheria inampa kila mfanyakazi, unapata ajira 24. Tuseme kila mmoja analipwa 300,000 kwa mwezi, na mwajiri anachangia asilimia 10 ya NSSF. Jumla ni shilingi 7,920,000 kwa mwezi, yaani 264,000 kwa kila mtoto, na hapo hatujanunua hata kipande cha sabuni. Kwa mwaka mishahara peke yake ni 95,040,000.

Makao mengi hayafikii kiwango hicho cha walezi, na zamu ya usiku huwa na watu wachache. Lakini kupunguza walezi hakumpunguzii mtoto mahitaji yake. Anayelala akilia hadi asubuhi naye analipia, kwa njia yake.

Linganisha na ile namba tuliyoiweka pembeni. Mishahara ya makao ya watoto 30 kwa mwaka mmoja ni shilingi milioni 95. Maziwa ya watoto 50 wakiwa majumbani kwao, kwa kipindi kile cha hatari, ni milioni 62 na nusu.

Kanda yetu ina kipimo kingine, cha zamani zaidi. Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa, ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilifanya utafiti mkubwa huko. Moja ya matokeo yaliyonukuliwa sana ni hili: kumtunza mtoto mmoja katika makao kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, takriban mara 6 ya gharama za kumsaidia akiwa ndani ya familia iliyomchukua. Dola 1,000 kwa wakati ule, katika mkoa ule, ilikuwa fedha ya kuwasomesha na kuwalisha ndugu wote wa mtoto huyo pia.

Na fedha hizo hazikununua malezi bora kuliko ya nyumbani. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulipatikana Bucharest, Romania, ambako kuanzia mwaka 2000 na 2001 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya serikali. Nusu yao, watoto 68, walipangwa kwa kura kwenda kwa familia za malezi ya kambo. Wengine waliendelea na utaratibu uliokuwapo. Walipofikisha miezi 54, wastani wa alama za uwezo wa akili kwa walioingia kwenye familia ulikuwa takriban 81, na kwa wale wa makao 73. Watoto ambao hawakuwahi kukaa makao kabisa walikuwa 109. Waliofaidika zaidi ni walioondolewa makao kabla ya miaka miwili. Nchini kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watoto 35 walioingia makao wakiwa na miaka 4 au chini na wengine 35 walioingia wakubwa zaidi. Walioingia wadogo ndio waliosimulia ukatili mwingi zaidi ndani ya makao, na ndio waliokuwa na matatizo makubwa zaidi ya afya ya akili.

Rudi kwenye zile ajira 24. Mtoto wa makao yale anabebwa na mikono ya watu 24 kwa zamu, na kila mmoja anaweza kuacha kazi mwisho wa mwezi. Simlaumu dada anayelipwa 300,000 kuangalia watoto 5. Wengi wao wana moyo ambao hakuna mshahara unaoweza kuulipa. Tatizo liko kwenye saa 168: hakuna ratiba ya kazi inayoweza kumfanya mtu mmoja awe yule yule kila usiku mtoto anapoamka.

Hadi hapa hesabu inaipendelea familia, na ndivyo inavyosemwa katika kila warsha: malezi ya familia ni bora, tena ni nafuu. Nakubali la kwanza bila shaka yoyote. La pili linanikera, kwa sababu hatuulizi ni nafuu kwa nani.

Mtoto mchanga anakula kila baada ya saa 3 hivi, mara 8 kwa siku. Kila mlo una kuchemsha maji, kuosha chupa, kulisha, kucheulisha na kubadilisha nepi. Weka pia kufua, kumbeba kwenda zahanati, kumkesha akiwa na homa. Tuseme saa 6 za kazi kwa siku, na hilo ni kadirio la chini. Kwa wiki ni saa 42, karibu sawa na ajira kamili ya saa 45. Kwa kiwango kile kile cha 300,000 tulichompa mlezi wa makao, bibi huyo anadai 280,000 kwa mwezi. Ni zaidi ya ile 264,000 ya mishahara kwa kila mtoto wa makao. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya unafuu wa malezi ya familia ni kazi ya mwanamke ambayo haikuandikwa katika daftari lolote. Hatukuokoa fedha, tumempa yeye bili. Kwa hiyo serikali au shirika linapohamisha mtoto kutoka makao kwenda kwa ndugu na kutangaza kwamba gharama zimeshuka, kiasi kilichookolewa kina mwenyewe, naye anakaa Koromije au Kanyelele akiwa na kuni kichwani.

Na akiachwa peke yake matokeo yanaonekana mwilini mwa mtoto. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto 718 wa Kagera ambao walikuwa na wazazi wao wote wakati wa utafiti wa 1991 hadi 1994, kisha wakawatafuta tena mwaka 2004. Waliofiwa na mama kabla ya kufikia miaka 15 walikuwa wafupi kwa sentimita 2 utu uzimani kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza mwaka mmoja wa shule. Sehemu kubwa ya watoto wa namna hii walibaki mikononi mwa ndugu. Ndugu hawakuwatupa. Walikosa kitu cha kuongeza kwenye sufuria. Sentimita 2 na mwaka mmoja wa darasani, hicho ndicho kipimo cha upendo usio na ruzuku.

Ukubwa wa mzigo huo hauonekani kwa sababu haupiti ofisini. Tafiti za kaya nchini zimekuwa zikikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya sita walio chini ya miaka 18 haishi na mzazi wake hata mmoja. Karibu nusu ya Watanzania ni watoto. Wastani huo ukishika Misungwi, katika watu 450,000 kuna watoto 225,000 hivi, na kati yao 37,500 wanalelewa na mtu mwingine. Wengi wana wazazi walio hai: mama yuko Dar es Salaam akifanya kazi za ndani, baba yuko machimboni Geita, ndoa imevunjika na mtoto amerudishwa kwa wazazi wa mama. Kuwaweka wote hao katika makao ya watoto 30 kungetaka makao 1,250 katika wilaya moja. Mfumo wa malezi ya kambo wa Misungwi tayari upo, tena ni mkubwa kuliko wizara yoyote inavyoweza kuujenga, nao unaendeshwa na bibi, shangazi na mama wadogo.

Hao 37,500 hawahitaji wote msaada wa serikali, wala sipendekezi afisa aingie kila boma akiuliza huyu ni wa nani. Mtoto kukaa kwa bibi ni jambo la kawaida Usukumani, na mara nyingi ni jambo jema. Wanaohitaji jicho la afisa ustawi ni wachache: aliyeokotwa, anayepigwa, anayetumikishwa kuchunga badala ya shule, anayekaribia kuozwa, aliyerudishwa kutoka mtaani mjini Mwanza.

Na wapo ambao ndugu wenyewe ndio hatari. Misungwi inalijua hili kuliko wilaya nyingi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Shule ya Msingi Mitindo, iliyokuwa ikipokea watoto wasioona, iligeuka kimbilio la makumi ya watoto wenye ualbino. Wengine waliletwa na wazazi wao, wengine na polisi. Katika matukio ya aina hiyo imewahi kutokea mtu wa karibu na familia akakutwa anahusika, kwa hiyo kumwambia mtoto yule arudi nyumbani kwa sababu familia ni bora kungekuwa kumpeleka machinjioni. Bweni lile liliokoa maisha. Gharama yake ilikuja taratibu: mtoto aliyeletwa akiwa na miaka 5 akakaa hadi akaisahau njia ya kwao, na mzazi akaacha kuja kumwona. Kuwarudisha watoto kama hao si suala la nauli. Kunahitaji mtu wa kwenda kijijini kwanza, akae na ukoo, azungumze na mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu, arudi tena, na aendelee kurudi baada ya mtoto kufika. Yeyote anayelinganisha bweni na familia kwa shilingi peke yake angeanza kwa kuitembelea Mitindo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa njia mbili kwa mtoto ambaye ndugu hawapo au hawafai. Ya kwanza ni malezi ya kambo: mtoto anakaa na familia iliyochunguzwa na kukubaliwa na ustawi wa jamii, chini ya uangalizi, bila kukata uhusiano wake na wazazi. Pamoja nayo wapo walezi wa kuaminika, familia zilizoandaliwa kumpokea mtoto ghafla, hata usiku, afisa au polisi anapomtoa katika hatari. Ya pili ni kuasili, ambako mtoto anakuwa wa familia mpya kwa haki zote, urithi ukiwamo, kwa amri ya Mahakama Kuu. Mwombaji anatakiwa awe na umri wa miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21. Akiwa ndugu wa mtoto, miaka 21 inatosha. Mgeni anatakiwa awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, ambayo inatambua pia kafala, malezi ya kudumu yasiyobadilisha nasaba ya mtoto.

Sharti la miaka 3 limewakatisha tamaa wageni wengi, na naliunga mkono. Ofisi inayoshindwa kumtembelea mtoto wa Shilalo haiwezi kumfuatilia wa ng'ambo. Ninachotamani ni Watanzania wengi zaidi waijue njia hii. Zipo familia zinazolea mtoto wa watu miaka 10 bila karatasi yoyote, kisha baba mlezi anafariki na mtoto anaambiwa na wanaukoo kwamba hana haki hata ya kulala kwenye nyumba aliyokulia. Kikwazo cha kwanza mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa. Sensa ya 2012 ilikuta asilimia 13.4 tu ya watoto wa Tanzania Bara walio chini ya miaka 5 wakiwa na cheti. Mwaka 2014 RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, iliufikia Mkoa wa Mwanza na usajili wa bure kwa watoto wa umri huo, unaofanyika zahanati na ofisi za kata. Mlezi mwenye mtoto wa miaka 4 asisubiri afike 5, kwani hapo ndipo bure inapokwisha.

Turudi kwenye shilingi. Tuseme halmashauri inawaweka watoto 100 katika familia za kambo na za kuaminika, na kila mtoto anatembelewa mara moja kwa mwezi. Ni ziara 1,200 kwa mwaka. Misungwi ina kata 27, na kutoka makao makuu ya wilaya hadi Mbarika au Kasololo si mwendo wa dakika kumi, kwa hiyo afisa mwenye pikipiki atafanya ziara 2 kwa siku. Zinatakiwa siku za kazi 600, sawa na maafisa 2.6 ambao hawafanyi kitu kingine chochote. Kwa mshahara tunaoukadiria kuwa 900,000, hao wanagharimu 28,080,000 kwa mwaka. Mafuta, kwa kilomita 60 kwa siku, lita moja na nusu, shilingi 3,000 kwa lita, ni 2,700,000 kwa mwaka mzima.

Isome tena namba hiyo ya mwisho. Mafuta ya kuwafuatilia watoto 100 kwa miezi 12 ni pungufu ya mishahara ya walezi wa makao mamoja ya watoto 30 kwa wiki mbili. Na mafuta ndiyo yanayokosekana kwanza. Afisa ustawi anakuwepo, pikipiki inaegeshwa nyuma ya ofisi ikiwa haina kitu kwenye tangi, faili la mtoto linajazwa kwa simu ya mtendaji wa kijiji: "Yupo, anaendelea vizuri." Mtoto aliyepewa familia bila kutembelewa hana kinga yoyote. Mlezi mwema atachoka kimya kimya, na mbaya atajua kwamba hakuna anayekuja.

Posho ya mlezi tuiweke 60,000 kwa mwezi. Si mshahara, ni ya chakula, sabuni, daftari na sare. Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini sare, michango ya chakula na viatu vimebaki kwa mlezi. Watoto 100 kwa mwaka ni 72,000,000. Ukijumlisha na maafisa na mafuta unapata 102,780,000, ambazo ni 85,650 kwa mtoto kwa mwezi. Makao yetu ya mfano yanatumia 264,000 kwa mishahara tu. Ni mara tatu, kabla ya chakula, umeme na jengo.

Rwanda walifanya uhamisho wa namna hii kwa makusudi. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliwakuta watoto 3,323 katika makao 33, na mwaka uliofuata serikali ikaanza mpango wa kuwarudisha katika familia, ukiwa na wafanyakazi wa ustawi na wanasaikolojia walioajiriwa kwa kazi hiyo. Kilichohesabiwa kwanza walikuwa watumishi wa kufuatilia, kisha ndipo watoto wakahamishwa.

Kwa Misungwi, mahali pa kuanzia ni kikao cha bajeti ya halmashauri, ambacho huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai 1. Mambo matatu yanaweza kuombwa kwa majina yake. Fungu la mafuta ya ustawi wa jamii lisilohamishwa kwenda kwenye safari nyingine. Mfuko mdogo wa maziwa ya dharura, unaosimamiwa na hospitali ya wilaya, ili mkunga anayempoteza mama usiku asimkabidhi bibi mtoto bila kopo hata moja. Na vikundi vya walezi kuandikishwa kama vikundi vya wanawake, ili vifikie ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitenga kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauwezi kuwa badala ya posho, maana mlezi wa mchanga hana muda wa kuzungusha biashara katika miezi ile 6 ya kwanza. Baada ya hapo anao, na mtoto akianza kula uji wa dona na dagaa, mtaji wa laki mbili wa kununua mpunga wakati wa mavuno unaweza kumlisha yeye na mjukuu hadi msimu ujao. Mwanakijiji anayeona mtoto yuko hatarini leo, kabla ya bajeti yoyote kupitishwa, anaweza kupiga simu ya msaada kwa watoto, namba 116, bila malipo.